Mkemia Aliyeniposea Mke

Jumatatu nilikuwa Usagara na chai yangu mkononi, simu ikaniarifu kwamba mkemia wetu wa barazani hatunaye tena. Nililia, sifichi. Kisha, chai haijapoa, nikajikuta nacheka peke yangu, mwenye mgahawa ananitazama kwa mashaka. Msomaji wangu, mtu huyu ndiye aliyeniposea mke, na aliniposea kwa elimu ya maabara.

Kazi yake ilikuwa kutafuta dawa za saratani. Ndani ya seli, alikuwa akitueleza barazani, mna protini ziitwazo kinesi, ambazo huwasha na kuzima kazi za seli kama swichi. Moja ikigoma kuzimika, seli huzaana ovyo. Kila kinesi ina mfuko mdogo, na dawa inatakiwa iingie humo iuzibe. Wapo wanaoanza na molekuli kubwa. Yeye alianza na vipande vidogo mno, vinavyoshika kwa udhaifu, ila mahali penyewe. Kikishika kimoja, hutazama kimekaaje, kisha hukiongezea sehemu moja moja mpaka kisibanduke. Tulimtania kwamba anawinda tembo kwa manati.

Sasa, wakati wa posa yangu, wajomba zangu wa Muheza walifanya kioja. Kwetu mshenga hutangulia, akabisha hodi tu, na jibu likasubiriwa. Wao kwa furaha yao walishuka Pangani, kwao binti niliyemtaka, na magari mawili, machungwa, vitenge, matarumbeta na kitanda. Bibi yake binti, ambaye neno lake ndilo la mwisho mle nyumbani, alisimama mlangoni akauliza, "Mmekuja kuposa au kuhamia?" Mlango ukafungwa. Nilikonda, maana nilimpenda yule binti kwelikweli. Mkemia akasema molekuli imezidi mfuko, basi, akaomba aende yeye.

Alikwenda na kipande cha halua. Akatoa shikamoo, akaketi ukingoni mwa baraza, posa asiitaje kabisa. Bibi akamuuliza anafanya kazi gani, naye akamweleza kama alivyotueleza sisi.

"Na kipande kisiposhika?" bibi akauliza.

"Naaga, bibi. Sigombani na mlango."

Bibi akamega halua, akatafuna taratibu. "Basi hiki kimeshika, mwanangu. Ijumaa rudi na mjomba mmoja. Mmoja."

Siku hizi tunapenda kuanza na matarumbeta: msingi haujachimbwa, utepe umeshakatwa. Marehemu hakukata utepe hata mmoja. Jana kwenye hitima, mwanafunzi wake, binti wa Lushoto, alituambia kwamba kipande cha mwisho alichokipata mwalimu wake kimeongezewa sehemu ya pili, na bado kimeshika. Dawa yenyewe iko mbali, huenda isifike. Mke wangu akamkatia binti huyo halua, akamwambia ale, kisha arudi maabara. Nami nimebaki na somo moja: jambo likikushinda kwa ukubwa wake, lipunguze mpaka lishike.