Jina la Mkandaji

Hilda Ackroyd alikanda unga miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha mikate huko Yorkshire, na kila unga ulipokuwa ukiumuka alifungua kamusi yake kuukuu akasoma asili ya neno moja. Moja tu, basi. Msimamizi wake, Norman Sugden, mtu asiye na dogo, akambandika jina: Lady, yaani bibi mkubwa wa jumba la kifahari.

"Lady, kamusi haioki mikate. Njoo huku."

"Naja, mpenzi," Hilda humjibu, maana kwao kila mtu ni mpenzi, hata yule usiyempenda.

Kilichomkaa moyoni kilikuwa kimoja: shule. Aliiacha akiwa na miaka kumi na minne, na iliendelea kumuuma. Chuo cha watu wazima kilipotangaza darasa la historia ya lugha ya Kiingereza, ikabaki nafasi moja, akaiomba, akaitwa kuhojiwa. Aliambiwa aeleze asili ya neno lolote alipendalo.

Akachagua neno la Kilatini, refu, la kisomi. Masikini, maneno yake yote aliyajua kwa macho. Hakuna aliyewahi kuyatamka mbele yake. Akalitamka kombokombo. Mhoji mmoja, mama wa miwani, akang'ata midomo asicheke. Hilda aliona aibu, akaanza kuokota mkoba wake aondoke.

"Huna lingine, Bi Ackroyd?" mama yule akauliza, kwa upole safari hii.

Hilda akatazama mikono yake. Kucha bado zilikuwa na unga.

"Lipo. Kazini wananiita kwa kunikejeli. Lady."

Akaweka viganja mezani, akawa anakanda hewa huku akieleza. Wahenga wa Waingereza, mkate waliuita hlaf. Dige ni mkandaji. Ukiyaunganisha unapata hlæfdige, mkanda mikate. Karne zikalitafuna, herufi moja hapa, nyingine pale, hadi likabaki lady. Mabibi wa majumba wakalichukua jina, wakauacha unga.

Hakuna aliyecheka. Mama wa miwani alikuwa anaandika.

Barua ilifika Ijumaa. Hilda aliisomea kazini, wima, machozi yakimtoka bila kuyaficha.

"Vipi, Lady, umefiwa?" Sugden akauliza.

"Nimepata nafasi." Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa aproni. "Na usiache kuniita hivyo, mpenzi. Miaka yote hii ulikuwa unaniita mkanda mikate, hujui tu."