Ndama katika Garaji ya Muhumba

Harufu ya nyasi mbichi na samadi ndiyo ninayoikumbuka kwanza, nayo ilitoka kwenye garaji ya tonton, mdogo wake baba, pale Muhumba, mtaa wa wakubwa mjini. Gari lilikuwa limeshachukuliwa na wanajeshi, basi ndama wetu akapata chumba kizuri kuliko sisi. Kijiji chetu kilikuwa nyumba chache tu katika uwanda wa nyasi karibu na Kamanyola, na kila familia ilijulikana kwa ng'ombe wake. Vita vilipotufukuza, mifugo yote iliporwa isipokuwa ndama huyo mmoja jike. Majirani walimkabidhi baba, kwa kuwa ndugu yake alikuwa na nyumba yenye ukuta mjini. Walisema siku tutakaporudi, kijiji kitaanzia kwa ndama huyo.

Mimi niliona aibu tu. Kila asubuhi baba alipiga magoti kando ya barabara, akikata nyasi mbele ya mageti ya wakubwa, huku wanafunzi wenzangu wakipita na sare zao safi. Nilitamani ardhi inimeze. Nguo zetu zilinuka zizi hata kanisani. Kisha vita vikaingia mjini, mshahara wa tonton ukakatika, na sufuria zikakauka. Siku moja alisimama mlangoni mwa garaji bila kumtazama baba usoni.

"Kaka, batoto banalala njaa. Tufanye namna gani?"

Baba hakubisha, kwani tulikuwa tukila sahani moja na watoto wa nduguye. Alishika kamba mwenyewe ndama alipochinjwa. Nilikula nyama ile nikalamba vidole, mpaka nilipoona sahani ya baba iko magotini, haijaguswa. Aibu iliyonishika hapo ilikuwa nyingine kabisa, na haijaniacha.

Bunduki ziliponyamaza, majirani walirudi uwandani. Baba alikataa. "Nitafika kule na nini mu mukono?" alimwambia maman. Akapanga chumba Kadutu, mtaa wa maskini mjini humo, akabeba magunia sokoni hadi alipofariki.

Mwaka jana nilikwenda uwandani peke yangu. Nyasi ni zilezile, lakini nyumba zina mabati, na ng'ombe wapo tena, walionunuliwa mmoja mmoja kwa jasho. Mama mzee aliyekuwa jirani yetu alinijazia kikombe cha maziwa. Nikaanza kumweleza habari za ndama, macho chini. Akanikatiza.

"Kunywa, mutoto yangu. Ile ng'ombe, tulijua vita ilishaikula. Tulikuwa tunangojea papa yako."