Ngata ya Kumi na Moja

Pascalia Awinja hakanyagi nyasi. Watu wa Mayoni wanamjua kwa hilo kabla hawajamjua kwa jina. Akienda kwa jirani atafuata njia mpaka mwisho wake, hata kama nyumba ya jirani iko hapo hapo ng'ambo ya ua, na mvua ikinyesha atapita kwenye tope la barabara huku wenzake wakikatiza uwanjani. Wanamcheka, naye huwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Amelisema sana neno hilo hata watoto wa sokoni humsalimu nalo.

Wanaocheka ni wale waliohamia juzi. Wenyeji wa zamani wanajua ilivyokuwa. Nyuma ya soko, ukishavuka mashamba ya miwa, palikuwa na bohari ya jeshi iliyoitwa Baruti. Ndani ya ua wake wa seng'enge kulikuwa na maghala sita ya zege yaliyofukiwa udongo mpaka juu, nyasi zimeota migongoni, na kila moja lina mlango wa chuma na nambari nyeupe. Ukiyaona kwa mbali ungedhani ni makaburi ya watu wakubwa mno.

Awinja alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mdogo wake Willis saba, siku walipotumwa kumkatia ndama nyasi kando ya ule ua. Willis alipiga kitu teke. Kilikuwa chuma, urefu wa gunzi la mahindi, kimeshika kutu. Akamuuliza dada yake wakifanyie nini. Awinja akamwambia, okota, tutapasulia njugu.

Mkono wa kulia wa Willis unaishia pale kwenye kifundo. Askari walikuja wakauliza, baba yao akauliza, na mwishowe wote wakakubaliana kwamba mtoto ni mtoto, ameona kitu akakiokota. Willis hakusema vingine. Awinja naye hakusema. Miaka thelathini na mitatu imepita na lile neno moja, okota, bado limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halipandi.

Jeshi lilihama. Mafundi wake walipita na vyombo vyao vya kusikilizia vyuma ardhini, hatua kwa hatua, miezi mitatu, wakaacha karatasi yenye mhuri inayosema ardhi ni salama. Baada ya hapo bohari ilikaa bure miaka sita, mbuzi wakilala milangoni. Ndipo akaja Hamida Mubarak, mfanyabiashara wa nafaka kutoka Mumias, akaikodi.

Watu walimwona Hamida ana wazimu, lakini yule mama alikuwa ameona mbali. Ghala lililofunikwa udongo halipati joto. Panya hana pa kutoboa, mwizi hana pa kuvunjia. Akang'oa reli za zamani za kusukumia masanduku ya risasi, akapaka chokaa, akaweka paleti za mbao sakafuni ili magunia yasinyonye unyevu, na matundu ya hewa akayatia nyavu. Mahindi ya eneo zima la Matungu yakaanza kuingia mahali ambapo zamani hata kunguru hakutua.

Alihitaji mtunza ghala. Alipouliza sokoni ni nani mwangalifu, wote walimtaja mtu mmoja, tena kwa kicheko. Hamida akaenda nyumbani kwa Awinja, akatoa salamu mlangoni, akakaribishwa chai, na alipomaliza kikombe akasema lililomleta.

"Mimi sitaki shujaa, dada yangu. Shujaa mmoja alinichomea ghala Mumias na sigara yake. Nataka mtu anayeogopa."

Awinja alikataa siku mbili. Siku ya tatu Willis akamwambia kwamba yeye mwenyewe ameshaandikwa huko, kazi ya kubeba magunia, na kwamba kichwa chake hakijapungukiwa kitu. Hapo Awinja akakubali. Hakuipendea kazi ile hata kidogo. Alitaka kuwa karibu na Willis mahali pale, macho yake yamwone.

Wabebaji walikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na ngata yake, ile duara ya majani makavu ya ndizi anayoweka mtu kichwani ili mzigo usimuumize. Ngata hazifanani. Kila mtu hujisokotea yake kwa kipimo cha utosi wake, na ukimwona mtu na ngata ya mwenzake jua ameiba au amelewa. Awinja akapigilia misumari kumi na moja kwenye ubao nje ya mlango, akaweka sheria: anayeingia atoe ngata yake msumarini, anayetoka aitundike. Kabla mlango haujafungwa, yeye huhesabu ngata. Zikitimia kumi na moja, ndani hakuna mtu.

Walimwita Madam Ngata. Walicheka, lakini walitii, na Hamida aliipenda sheria ile hata akaipeleka kwenye maghala yake mengine. Hakuna aliyeng'amua kwa nini Awinja aliibuni. Mwanga wa mlangoni hufika mstari wa tatu wa magunia, na kutoka hapo ghala huingia ndani ya udongo, kiza, baridi, hatua arobaini hivi. Awinja hakuwahi kuupita mstari wa tatu. Miguu yake ilikataa. Karatasi alizijazia mlangoni, magunia aliyahesabu yakipita, na watu aliwahesabu kwa ngata zao. Hofu yake ilikuwa imejitafutia kazi, nayo ilionekana kama bidii.

Sasa, Willis. Mtu wa mkono mmoja anaweza kubeba gunia, na Willis alibeba kuliko wengi wenye miwili. Ila alipomaliza zamu, kuitundika ngata iliyolegea kwenye msumari ule mdogo kulimchosha. Cornelius, mbebaji mtu mzima, mzee wa kanisa, akaanza kumsaidia. Akimaliza yake huichukua na ya Willis popote ilipoachwa, akaitundika. Hakuna aliyemwomba wala aliyemshukuru. Lilikuwa jambo la utu tu, na mambo ya utu hayaandikwi kwenye sheria.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, ghala la nne lilijaa. Fukusi walikuwa wameonekana, na Kibiwott, mtu wa kufukiza dawa, akaja kutoka Kakamega mjini na pikapu yake. Dawa yenyewe ni vidonge vya kijivu. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi. Kibiwott alimweleza Awinja kwamba saa ya kwanza gesi huja kidogo kidogo, unaweza kuisikia kwa harufu tu, lakini baada ya hapo haibakishi chenye pumzi, awe fukusi, panya au binadamu. Mlango hufungwa siku saba. Kila tundu huzibwa kwa nailoni.

Gunia la mwisho liliingia saa tano na nusu. Wabebaji walitoka wakijipangusa, ngata zikapanda misumarini. Kibiwott alivaa barakoa yake yenye pua mbili, akasimama mlangoni na sinia zake, akauliza kama wote wako nje.

Awinja alihesabu. Kumi na moja.

"Wote," akasema.

Kibiwott aliingia, akaanzia mwisho akirudi mlangoni, akiinamia sakafu kupanga sinia, kama kazi yake inavyotaka. Alipotoka walisukuma mlango pamoja, wakashusha komeo, wakabandika karatasi yenye fuvu. Akatia sahihi, akamwachia Awinja nambari ya simu, akaondoka kwenda kwa mteja mwingine na barakoa yake.

Chakula cha mchana huletwa langoni na Maximilla, mama wa mkahawa wa sokoni: obusuma, yaani ugali, na mboga, siku nyingine omena, wale dagaa wa ziwani. Huwapakulia wote kwa pamoja, sahani kumi na moja na ya Awinja. Siku hiyo walikula, wakanawa, wakaanza kutafuta vivuli. Sahani moja ilibaki imefunikwa na nyingine.

Awinja aliitazama ile sahani. Akauliza ni ya nani. Maximilla akasema ni ya Willis, labda ameenda msalani. Awinja akajua papo hapo kwamba hakwenda msalani, kwa sababu tangu utoto wao Willis hakuwahi kuchelewa kufika penye ugali. Alimgeukia Cornelius, akamuuliza kama alimwona Willis akitoka ghala la nne.

Cornelius alifikiri. Akasema hakumwona akitoka, ila ngata yake aliikuta juu ya gunia karibu na mlango, na kama kawaida akamtundikia.

"Mimi humtundikianga, madam," akasema. "Kila siku."

Saa ya simu yake ilimwambia dakika hamsini zimepita tangu mlango ufungwe.

Kutoka langoni mpaka ghala la nne, njia ya murramu, ile changarawe nyekundu, huzunguka maghala matatu. Katikati pana nyasi, ndefu, hazijakatwa tangu mvua zianze. Awinja alikimbia katikati ya nyasi. Waliokuwa pale wanasema hapo ndipo walipojua kuna kifo, hata kabla hawajaambiwa lolote. Aliogopa kila hatua. Kila unyayo ulipogusa chini alingoja kishindo, na kishindo kilipokosa kuja aliinua mguu mwingine, na njia nzima mdomo wake ulikuwa unarudia jina la mdogo wake pasipo sauti.

Cornelius alimfikia mlangoni. Waliinua komeo wawili, wakavuta, na harufu ikawapokea, ya vitunguu saumu, kali, ya kuchoma pua. Cornelius akataka kuingia. Awinja akamzuia kwa mikono yote miwili, akamwambia apige simu kwa Kibiwott na kwa Hamida, na kama yeye hatatoka, mtu mwingine asiingie kumfuata. Akafunga leso yake puani. Alijua leso haizuii gesi. Aliifunga kwa sababu mikono ilihitaji la kufanya.

Mstari wa kwanza wa magunia, wa pili, wa tatu. Hapo miguu ilisimama yenyewe, kama ilivyozoea. Mbele yake palikuwa na kiza kile kile cha miaka yote, na sasa kilikuwa na sumu. Aliona aibu, akaona hofu, na hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Akawaza kwamba akigeuka sasa hakuna atakayemlaumu, na akawaza kwamba mara ile nyingine pia hakuna aliyemlaumu. Akaingia.

"Willis!"

Aliita tena, akipapasa magunia upande huu na huu, akipiga mateke sinia alizokutana nazo. Kichwa kilianza kumgonga. Karibu na ukuta wa mwisho, sauti ya usingizi ikajibu kutoka juu kabisa ya lundo, pale ambapo magunia yanakaribia dari na baridi ni tamu.

"Niko huku. Chakula kimefika?"

Willis aliteremka kama mlevi, akakosea gunia moja, akamwangukia. Awinja alimshika ukosi, akamvuta, naye Willis akaanza kukohoa na kuuliza kuna nini. Hakumweleza. Walitoka wakishikana, wakaanguka kwenye nyasi, na Willis akatapika pale pale. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

Pikapu ya Hamida iliwapeleka hospitali. Awinja aliambiwa mapafu yake yako sawa, akae aangaliwe usiku mmoja. Willis alikaa siku nne, na mbili za kwanza madaktari hawakutaka kuahidi kitu. Siku ya tatu aliweza kuketi. Awinja alikuwa pembeni ya kitanda, hajabadilisha nguo, akamuuliza swali lililokuwa likimla: mlango ulipofungwa hakusikia?

Willis akasema alisikia. Chuma kile kikifungwa, hata maiti anasikia. Aliamka, akaona giza.

"Mbona hukuita? Mbona hukuteremka upige mlango?"

Willis alimtazama kana kwamba swali lenyewe ni la ajabu.

"Ningepiga kwa nini, yaya?" Kwao ndugu wa tumbo moja huitana hivyo, yaya. "Wewe hufunganga mlango bila kuhesabu watu? Nilijua umehesabu. Nikasema labda wamefunga kidogo waende kula, watarudi. Nikasikia harufu ya vitunguu, nikadhani Maximilla amepika nyama. Nikalala tena. Wewe ukisema kitu, mimi huaminianga tu. Tangu zamani."

Awinja aliinamisha kichwa kwenye shuka la hospitali, pale mkono usio na kiganja ulipolala. Alilia kwa muda mrefu. Kisha akainua uso akamwambia lile neno, kwa sauti, mara ya kwanza katika miaka thelathini na mitatu. Kwamba siku ile ya chuma, yeye ndiye aliyesema okota.

"Najua," Willis akasema. "Si ni mimi uliniambia?"

Sokoni walidhani hatarudi kazini. Alirudi Jumatatu. Misumari bado ipo na ngata hutundikwa bado, lakini hahesabu tena kutoka mlangoni. Kabla ya kufunga ghala lolote huwasha tochi, akapita mstari wa tatu, akaenda mpaka ukuta wa mwisho na kuugusa kwa kiganja, akapanda lundo akamulika juu. Hofu haijamtoka. Wanaosimama nje husikia pumzi yake ikienda mbio kule ndani, na siku hizi hakuna anayecheka.

Willis humngoja mlangoni, ngata yake mkononi. Cornelius akinyoosha mkono kumsaidia, humkatalia. Haitundiki mpaka dada yake atoke.