Ndoo ya Daipa Yenye Mpira wa Friji

Walisema sitaweza. Neno hilo nimelisikia mara nyingi hata siku nisipolisikia naona kama kuna mtu amesahau kazi yake. Nilipokuwa kijana wa mjengo huko Kambi Muru, Kibera, nikichanganya zege mchana na kusoma jioni, vijana wenzangu walisema diploma si ya watu wa nyumba za mabati. Nikaipata, diploma ya friji na viyoyozi, na iko ukutani mpaka leo. Nilipokwenda Doha walisema nitarudi na begi la nguo na picha za majengo ya wenyewe. Nikarudi na mke, sanduku la vifaa, na mtaji wa kufungua karakana yangu Riruta Satellite. Kwa hiyo mke wangu alipoitwa tena Doha na mwajiri wake wa zamani, nami nikabaki na binti yetu wa miezi mitano, nilijua neno litakalofuata.

Safari hii alilisema mama yangu mzazi.

"Mwanaume hawezi kukaa na mtoto mchanga peke yake," aliniambia, akiwa ameketi kwenye kochi langu na mkoba wake mapajani. "Si ati hutampenda. Utampenda. Lakini mwanaume hanusi. Daipa ikikaa siku mbili ndani ya nyumba, mwanaume anazoea, anaona hiyo ndiyo hewa. Mtoto analala kwa uchafu na baba yake anaangalia mpira."

"Mama, mimi kazi yangu ni hewa. Nimesomea hewa."

"Haya, msomi. Mwisho wa mwezi nakuja. Nikinusa daipa kwa hii nyumba, nafunga mtoto mgongoni, nahama Kambi Muru, naenda kukaa naye nyumbani Vihiga. Na usinifuate."

Hakuwa anatania. Watoto wawili wa dada yangu walipelekwa Vihiga namna hiyo hiyo, kwa ndugu za mama, na dada yangu huwaona Krismasi, wakimwangalia kama mgeni aliyeleta mkate. Nilimtazama binti yangu aliyekuwa amelala kifuani kwangu, nikasema sawa. Mtu mwenye diploma hakatai mtihani. Lakini mama alipoondoka, niliketi pale pale na yule mtoto mpaka mkono ukafa ganzi, kwa sababu sikutaka kumweka chini.

Ploti yetu ya vyumba vya kupanga iko Kawangware, upande unaopakana na Riruta. Mwenyewe ni bibi mzaliwa wa hapo hapo, ambaye wapangaji wote tunamwita Shosho. Mimi nilikodi vyumba viwili, na cha pili nikakifanya cha mtoto: nikapiga dari, nikapaka rangi ya manjano hafifu, nikaweka kitanda chenye vizuizi nilichokiunda mwenyewe. Hakuna mtoto mwingine kwenye ploti ile mwenye chumba. Jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu, mama anayeuza chapati, alikuja kukiona akashika kiuno.

"Baba Baby! Sisi tunalala watano kwa chumba moja, na huyu wako hana hata meno ana bedroom?"

"Na ina dari," nikamwambia.

"Atakuwa analala huko peke yake akiogopa, na wewe uko huku peke yako ukiogopa."

Alicheka, nami nikacheka. Usiku huo nilikihamisha kile kitanda mpaka karibu na mlango wa chumba changu.

Shida ilikuwa ni mahali pa kutupa daipa. Vijana wa takataka hupita na mkokoteni wao Jumamosi tu. Chooni haziruhusiwi, kwa sababu choo kiliwahi kuziba na Shosho akaapa kwamba atakayerudia atang'olewa mlango ahame. Kuzichoma nako mama alikuwa amenikataza. Kwao wanaamini daipa ya mtoto ikichomwa, mtoto naye hutoka vipele. Mimi siamini mambo hayo, na sikuchoma hata moja. Basi zilikaa ndani ya nyumba wiki nzima, na wiki nzima ya daipa ni kitu ambacho mtu hahitaji diploma kukinusa.

Kwanza nilitumia vitu vya kuazima. Shosho alileta ndoo ya rangi yenye mfuniko, akasema nizitie humo nikitafuta njia. Beseni langu lilipopasuka, mama wa chapati alileta lake la kuogea. Mama fundi cherehani wa mlango wa mwisho alileta thamosi ili maji ya maziwa yasipoe. Nilivichukua, lakini sikuvipenda. Katika maisha yangu sijazoea kuwa na kitu cha mtu. Kila jioni mmoja wao alipiga hodi: "Baba Baby, beseni yangu bado iko?" Anaingia, anamwangalia mtoto, anamshika, anamnusa shingoni, anafunua sufuria yangu, anatoka. Beseni lenyewe halichukui. Niliona wananikagua.

Na ndoo ya Shosho ilikuwa na ufa kwenye mfuniko. Nikaanza kutafuta ya kwangu.

Watu hununua ndoo ya daipa kwa kuangalia rangi na vibonzo vilivyochorwa. Mimi niliinunua kama fundi. Harufu ni hewa, na hewa hutoka pale ambapo mfuniko haujabana. Kwenye friji tunapima kwa karatasi: unaifungia mlangoni, unaivuta. Ikitoka kwa ulaini, ule mpira wa kuzibia mlango umekufa. Niliingia dukani na mtoto mgongoni na risiti ya zamani mkononi, nikaanza kufungia ile risiti kwenye kila ndoo iliyokuwa rafuni. Zote ziliiachia. Askari wa duka akanisogelea.

"Boss, unatafuta nini ndani ya dustbin mpya?"

"Hewa."

Alinitazama, akamtazama mtoto, akaenda kusimama mbali kidogo.

Nilikwenda Kibera kwa wauza mitumba ya vyombo. Huko nikaiona mara moja, nyeupe, ndefu, yenye mdomo wa kuzunguka juu. Nilizijua ndoo hizo kutoka Doha, kwenye nyumba za matajiri nilizokuwa nikitengeneza viyoyozi.

"Hiyo ni ya unga, mdosi," muuzaji akaniambia. "Unamwaga unga hapa juu, unazungusha. Panya haiingii."

"Hii ni ya kutupia daipa za mtoto."

"Acha!"

"Nakuambia. Nimeziona kwa wenyewe."

Akashika kichwa. "Na vile mama watoto ameweka yetu unga!"

Tulicheka mpaka wauzaji wa jirani wakaja kuuliza. Ndoo ile ilikuwa nzuri, lakini hutumia mfuko wake maalumu, mrefu kama utumbo, ambao haupatikani hapa. Bila mfuko ni pipa tu. Nikaiacha.

Ya tatu nilidhani nimepata. Ilikuwa ndoo kubwa ya mafuta ya kupikia, mfuniko wake ukibana risiti mpaka ikachanika. Nikaipeleka nyumbani kwa furaha. Asubuhi yake nilimshika mtoto kwa mkono mmoja na daipa kwa mwingine, nikasimama mbele ya ndoo. Mfuniko ule unafunguliwa kwa mikono miwili. Nikamlaza mtoto kitandani, akalia. Nikafungua, nikatupa, nikafunga, nikanawa, nikamchukua. Nikafikiria vyombo vingapi ndani ya nyumba ile vilikuwa vimetengenezwa kwa mtu ambaye kuna mwenziwe wa kumwambia, hebu nishikie huyu. Mke wangu alipopiga simu jioni nilitaka kumweleza jambo hilo, lakini alikuwa amebakiwa na dakika chache kabla ya zamu, na picha ilikuwa inakwama. Nikamwambia tuko sawa.

Ndoo niliyoichagua mwishowe ilikuwa ya bati, ya kukanyaga kwa mguu, na ndani ina kindoo cha plastiki cha kutoa na kuosha. Kwa karatasi ilikuwa imeshindwa, kama zote. Lakini ilikuwa ya bati. Mpira wa mlango wa friji una sumaku ndani yake, ndiyo maana mlango wa friji hujivuta wenyewe ukikaribia kufunga. Nilichukua mpira mzima kutoka friji iliyokufa karakanani, nikaukata kwa kipimo, nikaunganisha kona kwa moto, nikaubandika kuzunguka ukingo wa mfuniko. Unakanyaga, inafunguka. Unaondoa mguu, mfuniko unashuka, na ukikaribia chini unavutwa wenyewe, tap. Nikafungia risiti, nikavuta, ikabaki kipande mkononi. Sijaona ndoo kama ile Doha wala Nairobi, na sitarajii kuiona mpaka nitakapotengeneza ya pili.

Nilitaka shahidi. Nilitia ndani omena wabichi, wale dagaa wa ziwani, wa jikoni kwangu, nikawaacha siku nzima na joto la mabati, kisha nikamwita mama wa chapati chumbani kwa mtoto.

"Nusa."

"Nanusa rangi. Na poda ya mtoto."

Nikakanyaga. Aliruka nyuma mpaka mlangoni.

"Wewe Baba Baby! Unaficha omena ndani ya pipa, ulidhani tutakuomba?"

Nikaondoa mguu. Tap. Akarudi polepole, akanusa tena, akatikisa kichwa. "Kweli wewe ulisoma," alisema, na mimi nilikubaliana naye.

Mwisho wa mwezi mama alikuja. Alikuwa na leso begani, ile ya kubebea watoto, iliyokunjwa vizuri. Hakunisalimia sana. Alivua viatu, akapita moja kwa moja mpaka chumba cha mtoto, akasimama katikati na macho yamefungwa. Mimi nilibaki mlangoni. Nimewahi kufungua mtambo wa kiyoyozi juu ya paa la jengo refu bila kutetemeka, lakini pale nilishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Alinusa pembe zote. Aliinama juu ya kitanda. Akaiona ndoo, akauliza ni nini, nikamwonyesha pa kukanyaga. Akakanyaga, harufu ikamjia yote usoni, akaachia. Tap. Akasubiri. Akanusa tena.

"Umeshinda," alisema.

Nilitaka kumweleza habari ya sumaku, lakini alikuwa ameshaketi kwenye kiti kidogo kando ya kitanda.

"Nyumba hainuki chochote," akasema. "Mtu akiletwa hapa kipofu, hawezi kujua kuna mtoto."

Akamchukua binti yangu, akampakata ndani ya leso, akamwimbia wimbo wa kwetu ambao sikuwa nimeusikia tangu mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo. Alikaa naye mpaka akalala. Nilijua kwamba kule Kambi Muru chumba chake kina kitanda kimoja na redio. Nilijua pia kwamba lazima alikuwa amewaambia watu kuwa anakwenda kumchukua mjukuu. Nilimsindikiza mpaka langoni, akapanda bodaboda bila kitu mgongoni. Leso aliiacha imemfunika mtoto.

"Usimwamshe," alisema. "Nitaifuata."

Mtoto alibaki. Nilinunua beseni kubwa kuliko la mtu yeyote kwenye ploti, na thamosi mpya, kisha nikachagua siku moja ya kurudisha vya watu. Chombo cha kuazima hakirudishwi kitupu. Katika beseni la mama wa chapati niliweka pakiti za unga wa ngano, katika ndoo ya Shosho, baada ya kuiosha na kuziba ule ufa, sukari na majani ya chai, na pamoja na thamosi ya mama fundi cherehani nikampa mkate na sabuni.

"Si ungekaa nayo tu," mama wa chapati alisema, akilitazama beseni lake. "Mimi sikuwa naihitaji."

"Sipendi kudaiwa, mama."

"Haya. Asante, Baba Baby."

Ya mwisho ilikuwa leso. Niliifua, nikaipiga pasi, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda Kambi Muru. Mama alikuwa mlangoni akichambua mboga. Aliipokea, akaiweka puani.

"Umeifua."

"Na pasi nimepiga."

"Nilikuambia nitaifuata."

"Sasa hutasumbuka tena kuja mpaka Kawangware."

Aliikunja ndogo, kisha ndogo zaidi, akaingia nayo ndani. Alichelewa kutoka. Alipotoka alimshika mtoto muda mrefu, akanipa fungu la sukuma wiki nipeleke nyumbani, akasema giza linaingia.

Nilirudi nikiwa sidaiwi na mtu yeyote, Kibera wala Kawangware. Nilimwogesha binti yangu kwenye beseni letu jipya, ambalo lilikuwa kubwa mno hata akateleza akaogopa. Nikamvisha. Nikakanyaga ndoo, nikatupa, ikajifunga yenyewe. Nje niliwasikia wanawake wa ploti wakiongea kwenye bomba, mama wa chapati akicheka, ndoo zikijaa. Wakati wa hodi ulifika, ukapita. Niliacha mlango wazi, mtoto mkononi, mpaka mbu wakaanza kuingia. Ndipo nikaufunga.