Mechi ya Wajir, Chini ya Ulinzi wa Wazee

Kabla ya upasuaji nilikuwa winga wa kulia. Hilo ndilo jambo pekee ambalo watu wa mtaa wetu wa Garissa walilijua juu yangu, kwa sababu mimi si msemaji. Shuleni nilikaa nyuma, na baada ya darasa la nane sikuendelea. Uwanjani ndipo waliponiona. Mabeki walinigonga, nikaanguka, nikainuka na mchanga mdomoni, na hakuna aliyenitaka niseme neno.

Kisha pumzi ikaanza kuniishia. Daktari wa Nairobi alisema homa niliyougua utotoni, ile ya koo na viungo, iliharibu vali moja ya moyo, yaani kilango kinachozuia damu isirudi nyuma. Wakanipasua kifua, wakaniwekea vali ya chuma. Tangu hapo nameza kila jioni dawa ya kuzuia damu isigande, na nitaimeza maisha yangu yote. Siku ya kurudi nyumbani daktari aliniambia, "Ukipona, kimbia. Lakini kugongana, hapana. Ukiumia, damu haitakatika upesi."

Abti alikuwa ameketi kando yangu, akasikia. Abti ni mjomba, kaka ya mama yangu, naye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki.

Nilikaa mwaka mzima nikitazama wenzangu wakicheza. Halafu nikaanza kutembea asubuhi, kisha kukimbia kidogo kando ya barabara, mpaka nikaweza kufika darajani bila kusimama. Nahodha wetu aliniona.

"Wariya, we kijana, kumbe bado uko duniani?" alisema. "Jumamosi tunaenda Wajir, mechi ya kirafiki. Winga tuliyenaye anakimbia kama ngamia mwenye mimba. Njoo."

Nikamjibu kwamba nitauliza nyumbani. Lile neno la kugongana sikumwambia.

Nilimwuliza abti akiwa anakunywa chai, macho yangu yakiwa kwenye birika. Akakiweka kikombe chini.

"Unataka sana?"

"Ndiyo, abti."

"Basi nenda."

Nilishangaa. Yeye alikuwa amemsikia daktari kwa masikio yake mwenyewe. Lakini sikuuliza zaidi, nikiogopa atabadilisha mawazo.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza tangu ile ya Nairobi. Kila mara basi liliporuka kwenye shimo, mfupa wa kifua ulinichoma pale ulipounganishwa, nami nikakumbatia koti langu kifuani kama muuguzi alivyonifundisha. Wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nilitazama vichaka na mbuzi, nikafurahi kuliko walioimba.

Uwanja wa Wajir ulikuwa mweupe kwa vumbi, na watu wengi wamesimama pembeni. Mpira wa kwanza ulinifikia mapema. Beki wao wa kushoto, kijana mrefu, alinijia mbio, kisha akarudi nyuma. Nikapita. Nikadhani ni bahati. Mara ya pili alifanya vilevile. Mara ya tatu alisimama kabisa, mikono juu, kana kwamba refa amepuliza filimbi.

"Mpisheni bwana harusi!" mtu akapiga kelele pembeni, na watu wakacheka.

Mpira ulipotoka nje nilimsogelea yule beki. "Mbona hunikabi?"

"Nikukabe ili ukoo wangu ulipe ngamia?" alisema. "Mjomba wako amewapigia simu wazee wetu. Amesema damu yako ikitoka haisimami. Wamekuweka chini ya ulinzi wao. Atakayeimwaga damu yako, ukoo wake utalipa diya. Baba yangu amenifuata mpaka hapa kunionya. Wallahi, kaka, usinisogelee."

Nilisimama pale. Kwetu, mtu aliyewekwa chini ya ulinzi hivyo haguswi. Abti mwenyewe alipokuwa kijana alipita na ngamia zake katika nchi ya watu waliokuwa na vita na watu wetu, na akafika salama kwa ulinzi wa namna hiyo. Hakuna kitu kikubwa zaidi ambacho angeweza kunitafutia. Alikwenda akakitafuta, kimyakimya, na kwenye mpira hakikuwa na kazi ila kunitoa mchezoni.

Kipindi cha pili nilipewa pasi, nikajikuta mbele ya goli. Kipa alibaki kwenye mstari wake, mikono chini, akiogopa kunijia miguuni.

"Piga! Unangoja nini?" nahodha akafoka.

Nikapiga. Kipa akajirusha upande mwingine, polepole. Wenzangu walinirukia kwa furaha, kisha wakakumbuka kifua changu, wakaniachia wote kwa pamoja. Nikamwambia nahodha nimechoka. Nikaenda kukaa nje mpaka mechi ikaisha.

Ndani ya basi nahodha, aliyekwisha kusikia habari kwa watu wa Wajir, alisimama katikati ya viti. "Jamani, tumepata silaha! Abti wa huyu apige simu Takaba, apige Lafey. Mwaka huu vikombe vyote vyetu!"

Wakacheka sana. Nami nikacheka, kwa sababu hawakuwa na ubaya.

Abti alikuwa mlangoni nilipofika. Hakuuliza matokeo.

"Kuna aliyekugusa?"

"Hakuna aliyenigusa."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. "Mechi nyingine uniambie mapema. Nina watu mpaka Takaba."

Nikamshukuru. Nilitaka kumwambia kwamba afadhali angenizuia nisicheze kabisa, lakini nilimtazama usoni, nikaingia ndani. Hata sasa sijamwambia.

Nahodha amekuja mara mbili tangu siku hiyo. Mara zote nimesema kifua kinaniuma. Si kweli, kifua kimepona. Abti akisikia hivyo huacha anachofanya, akaja kuniwekea kiganja kifuani, na kuniuliza taratibu ni wapi panapouma. Nami humwonyesha mahali popote.