Kopo la Maharage na Mama Mkwe

Dukani Mchafukoge, jua la mchana likiwaka, dada mmoja alisimamisha foleni nzima. Mkono huu kashika kopo la maharage, mkono ule mfuko wa makavu.

"Dada, amua basi," muuzaji akasema.

"Mama mkwe anavuka na pantoni ya saa kumi. Makavu hayataiva."

"Si uchukue ya kopo?"

"Alione kopo? Ukoo mzima utaambiwa sijui kupika!"

Nyuma tukaanza kufyonya. Ghafla akavibwaga vyote kaunta. "Funga. Makavu nitayachambua sebuleni akiniona. Ya kopo ndiyo nitakayompikia, na nyama ya kusaga na pilipili."

Muuzaji, bila kuambiwa, akalizungushia kopo ukurasa wa gazeti. Ndiyo kazi yetu sisi waandishi wa magazeti siku hizi, wasomaji wangu: kuficha makopo.

Nilicheka mpaka nyumbani. Nikamkuta mke wangu sebuleni, ungo mapajani, anachambua maharage taratibu. Mama yangu, aliyefika asubuhi, anamtazama karidhika kabisa. Jikoni tayari kulinukia pilipili.

Nikasalimia haraka, nikaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya taka. Juu kabisa kulikuwa na gazeti limeviringishwa; nikaliinua, lina uzito wa bati. Safu yangu ya wiki iliyopita. Sikulifungua.