Kadi Kubwa na Maneno ya Mzee wa Usoke

Kadi ya grafiksi iliyomo kwenye kompyuta yangu leo ni ndogo, ina feni moja, haina hata taa ya kumulikia sisimizi. Mteja akiniuliza kwa nini sinunui kubwa, namjibu kwamba hii inatosha, kisha nageuza mazungumzo haraka. Aibu yenyewe bado mbichi.

Mimi ni mpiga video za harusi hapa Tabora mjini. Kompyuta niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtumba, zile nyembamba zinazotoka kwenye ofisi za watu huko ng'ambo. Ilikuwa imara, ila kutengeneza video ya harusi moja kulikuwa kunachukua siku nzima, na wateja wananuna. Nikaamua kuitafutia kadi ya grafiksi, ambayo huipokea kompyuta ile kazi nzito ya picha.

Kibanda changu nachangia na fundi redio. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi. Anayejua mambo yetu ameshaelewa: ni mtani wangu, na utani huo tumeurithi tangu enzi mababu zangu wanapita kwao na mizigo kichwani kwenda pwani. Asubuhi hatusalimiani, tunatukanana. Siku asiponitukana najua anaumwa.

Alifungua kompyuta yangu akasoma maandishi ya kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, pawa saplai. "Wati mia mbili na arobaini," akasema. "Wewe Mnyamwezi, mizigo ya babu yako imekuharibu akili. Unadhani kila kitu ni mpagazi? Hiki ni kibarua wa kunywa uji! Chukua kadi ndogo, isiyo na waya wake, inayokula umeme wa kwenye ubao mkuu wa kompyuta peke yake. Ukiweka hilo dude unalolitaka, hiki kitakufa, na kitaondoka na jamaa zake wote."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Mgogo wewe! Njaa ya kwenu ndiyo imekufundisha kuogopa sahani kubwa." Naye akacheka. Mtani akikwambia utakufa kesho, huendi kuandika wosia. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini ebo, mtu ananitajia wati, ananionyesha kwa kidole, na mimi bado nacheka! Nilitaka kucheka, huo ndio ukweli. Nilitaka kadi yenye feni mbili na taa nyekundu, ili mteja akiingia aulize, "Hiyo nini?" Sifa tu, hakuna kingine.

Katikati ya kutafuta huko nikaitwa harusi, Usoke. Wapiga video tuna desturi yetu: kabla bibi harusi hajatoka nyumbani, tunamweka mzazi chumbani mbele ya kamera, azungumze na mwanawe. Mtoto atayasikia maneno hayo baadaye, siku akiangalia video akiwa kwake. Baba wa bibi harusi alikuwa mkulima wa tumbaku, mzee mfupi, koti limembana. Alinisalimu kwa Kinyamwezi, "Wangaluka." Nikamjibu kwa Kiswahili, "Shikamoo, baba," kwa sababu Kinyamwezi changu ni cha mtoto wa mjini, kinachechemea. Akatabasamu, akaitika marahaba. Kisha akawatoa watu wote chumbani, hata mkewe.

Niliwasha kamera nikakaa nyuma yake, hedifoni masikioni. Mzee aliona zile hedifoni akaamini namsikiliza. Sikuwa namsikiliza. Zilikuwa zimechomekwa kwenye simu yangu, na ndani yake kijana mmoja alikuwa analinganisha kadi mbili, ipi ina kasi kuliko nyenzake. Nilinyanyua macho mara moja nikamwona mzee anafuta machozi kwa kiganja. Nikatazama kama picha iko wazi. Iko wazi. Nikarudi kwenye kadi zangu.

Alipomaliza akaja kunigusa bega. "Imeingia yote, mwanangu?"

"Imeingia, baba."

"Na wewe umesikia?"

"Nimesikia."

Akashusha pumzi. "Vizuri. Hata mama yake sijawahi kumwambia haya."

Nikarudi mjini, nikahamishia kila kitu kwenye kompyuta, nikafuta memori kadi ya kamera maana harusi nyingine ilikuwa inangoja. Na dude langu, ile kadi ya feni mbili, likafika kwa basi kutoka Dar. Pawa saplai yangu haikuwa hata na tundu la kulilisha, muuzaji akaniongezea waya wa kuungia. Waya ule peke yake ungemwamsha mwenye akili. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku mbili lilikwenda, na nilimsimanga mtani wangu hadi akachoka. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikaanza kutengeneza ile video ya Usoke. Feni zikavuma, taa nyekundu zikang'aa, mara "pu!", na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa kibandani. Mtani akafungua, akachomoa kimoja kimoja. Pawa saplai imekufa. Ubao umekufa. Diski iliyobeba harusi yote imekufa. Niliipeleka hadi Mwanza, ikarudi kama ilivyokwenda.

Kabla sijajua nitawaambia nini wenyewe, habari zikafika kwamba mzee wa Usoke ameanguka shambani na hakuamka tena.

Walikuja baada ya matanga, binti na mama yake, wamejitanda khanga. Hawakutaka video ya harusi. Walitaka kile kipande cha baba tu.

Nikawaambia umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza kila kitu. Nilisema hivyo mtani wangu akiwa hatua mbili kutoka kwangu. Nilimwomba Mungu mtani aropoke, anitukane, aniite mwongo tucheke wote. Hakunyanyua kichwa. Aliendelea kuunga waya wa redio ambao ulikuwa umeshaungika.

Mama akasema, "Pole, baba. Umeme wa huku tunaujua." Ananipa pole mimi! Natamani ardhi ipasuke.

Halafu binti akasema, "Lakini wewe ulikuwepo, kaka. Baba aliniambia umemsikia vizuri, ulikuwa na vitu masikioni. Alisema nini?"

Ningeweza kusema ukweli pale. Mdomo ulifunguka, kikatoka kitu kingine. Nikasema, "Alisema, mwanangu, ndoa ni kuvumiliana. Ukichoka, kumbuka kwenu kuna mlango." Maneno niliyoyasikia kwenye harusi zote nilizowahi kupiga. Binti akatoa simu, akaomba nirudie taratibu, akayaandika. Nikayarudia. Akayasoma kwa sauti, akalia, kisha akatabasamu, akatangulia nje kumpigia mumewe amsomee.

Mama akabaki mlangoni. "Aliyasema kwa Kiswahili, hivyo hivyo?"

"Ndiyo, mama."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mume wangu Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia tumbaku," akasema. "Jambo la moyoni lilikuwa halimtoki kwa Kiswahili. Hata kunichumbia hakunichumbia kwa Kiswahili."

Nikainamisha kichwa. Nje binti alikuwa anasoma kwenye simu, sauti imechangamka. Mama akamsikiliza kidogo.

"Basi akae na hayo," akasema. Akajifunga khanga vizuri, akaniaga kwa Kinyamwezi, na mimi sikujua namna ya kumwitikia.